Wembe Ndani ya Mkebe

Mkebe ulikuwa wa majani ya chai.
Sasa unakaa vidonge vya mama.
Nikishuka Chavakali kutoka Nakuru, giza likiwa bado changa,
kabla hajanipa ugali ananipa mkebe:
"Hesabu."

Mama hasomi. Husoma rangi.
Cheupe cha mviringo ni cha presha, asubuhi,
kabla jogoo wa kina Ambani hajachoka kuwika.
Cha manjano, kidogo kama punje ya mtama, ni cha kutoa maji,
ndicho humwamsha usiku mara tatu
akatoka nje, tochi kwapani, kiganja ukutani.
Na kile kikubwa chenye harufu ya samaki aliyesahaulika
ni cha sukari. Hakitaki tumbo tupu,
nalo tumbo halina ratiba.

Mwezi wa tatu cheupe kilikuja kikiwa cha waridi.
"Dawa ni ileile, nyanya," alisema kijana wa dirishani,
"kampuni tu ndiyo imebadilika."
Alisema mbio, foleni ikiwa imefika hadi kwenye mabomba,
mama akaitikia, kwani mtu mzima
haulizi mara mbili mbele za watu.
Nyumbani akameza vyote viwili:
cheupe kilichobaki, kwa kuwa anakijua,
cha waridi, kwa kuwa amepewa.
Siku ya nne alianguka katikati ya michai,
kikapu kikamfunika uso.
Waliomwinua walisema ni uzee, ni jua,
mmoja akataja mambo ya ukoo.
Hakuna aliyesema ni rangi.

Tangu hapo nahesabu.
Mara hii niliacha vidonge sitini.
Siku thelathini zimepita, vimebaki thelathini,
hesabu imenyooka kama uzi wa fundi.
Lakini Kavosa, mhudumu wa kijiji,
alimfunga mkono ile mashine yake inayokoroma
akasoma, akafungua, akafunga tena,
akaandika mia moja tisini na nne
kwa wino mwekundu, bila neno.

Nikamwaga mkebe wote mezani.
Chini kabisa palikuwa na wembe
umeviringwa kwa karatasi ya sukari,
makali yake yana unga mweupe.

"Mama, unakata dawa?"
Akatazama mlango.
"Mama."
Akautazama mlango uleule.

Asubuhi mlango ukajibu.
Dorika Vugutsa, wa ng'ambo ya kijito,
aliingia na kikombe chake mwenyewe, cha bati, chenye maji.
Hakubisha. Aliketi pale anapoketi.
Yeye huambiwa dirishani "imeisha, kanunue,"
na hela ya kununua ililala na mwanawe mwaka juzi.
Mama akautoa wembe mbele yangu, bila kujificha tena,
akaweka kidonge juu ya ukucha wa gumba,
akakata.
Hakikugawika sawa. Kamwe hakigawiki.
Akasukuma kipande kikubwa upande wa pili.

Nilikuwa na hotuba. Nimeitunga tangu Kapsabet:
nusu haimtibu yeyote, mama,
nusu ni njia mbili za kuanguka.
Nikaisema yote. Wakanisikiliza kwa adabu
kama mtu anavyosikiliza mvua ya jirani.
Kisha mama akasema,
"Tulipalilia pamoja tangu tukiwa mabibi harusi.
Mimi nikibaki peke yangu,
hiyo presha ikishuka, inashuka nimwambie nani?"
Dorika alicheka hadi akakohoa.

Nitanunua pakiti mbili. Nimesema, na nitajaribu.
Duka la vipuri halilipi kama zamani.

Lakini mfukoni mwa koti langu, tangu Jumatano,
kuna karatasi ya daktari wa Nakuru
yenye jina langu, na chini yake
jina la dawa ileile.
Sijamwambia mama.
Namjua.
Angekata mara tatu.