Meza ya Sita

Wepukhulu ndiye aliyeniambia, na Wepukhulu si mwongo,
fundi baiskeli aliyepungukiwa meno, si ladha:
"Ukifika Mbale usipite. Kala malewa pale kwa ghorofa ya kijani,
sahani ile utaikumbuka hadi kaburini."

Basi nikaitunza njaa kama nauli.
Tangu Tororo sikugusa hata ndizi,
na chapati za Nabumali, zikichuruza mafuta ya moto,
nikazipa kisogo kama mtu mwenye miadi.

Foleni ilitoka mlangoni ikapinda kwa muuza soksi.
Wamo makarani na kadi zao shingoni,
wamo vijana wa bodaboda, wamo wasimamizi wa harusi nzima.
Nikasema moyoni: umati huu wote hauwezi kukosea.

Saa moja na robo.

Meza ya sita ilikuwa na mguu mfupi, umetiliwa karatasi.
Kila nikiegemea, soda ya jirani inatetemeka.
Hakulalamika. Naye alikuwa anangoja.

Kikaja.
Karanga nyepesi, maji ya kunawia yaliyopakwa rangi,
na humo chumvi ndiye mwenye nyumba,
wengine wote wapangaji.
Matoke pembeni, ya baridi, yameshikana kwa woga.
Nikatafuna lewa moja. Nikatafuna tena.
Nikabadilisha shavu.
Mbuzi angeomba radhi akaondoka.

Lakini mimi malewa sijawahi kuyala.
Labda ndivyo yalivyo.
Labda ulimi wangu ndio mshamba, umezoea kwao.
Nikainua macho kutafuta shahidi
nikamwona mama mmoja, mwenyeji kwa lafudhi yake,
anayafunika ya kwake kwa karatasi ya kufutia mikono,
polepole, na pembe zote nne,
kama mtu anayemsitiri marehemu.

Akaniona namwona.
Tukatazama televisheni.

Akaja Khaitsa, jina liko kifuani kwenye beji,
kiatu kimechanika kisigino, jasho puani,
sahani sita mkono mmoja.
"Chakula kilikuwaje, mzee?"
Nilikuwa na hotuba. Wallahi nilikuwa nayo,
imepangwa, ina utangulizi.
"Kitamu," nikasema.
Nikalipa elfu kumi na nane, nikaacha moja juu,
sijui kwa huruma au kwa aibu.

Nje, mtu mmoja amemshika mtoto mkono,
wote wawili wana vumbi la Kumi hadi kwenye kope.
"Ndipo hapa panaposifiwa?"
"Ndipo," nikamjibu, nikampisha.

Nabumali nilishuka.
Chapati mbili, nimesimama, gazeti likilowa mafuta kiganjani.
Kesho Wepukhulu ataniuliza, na tabasamu
nimeshaanza kulifanyia mazoezi.
Ila chapati ya pili ilinikwama kidogo kooni
nilipojiuliza:
yeye naye aliambiwa na nani?