Zima Kwanza

Tangi linakaa darini, juu ya bafu la ghorofani,
lita themanini, mgongo umeliwa na kutu.
Mama hapandi tena ngazi.
Magoti yake yalistaafu Machi, mwaka mmoja baada ya Baba,
na sasa analala sebuleni, nyuma ya pazia la maua,
anaoga choo cha chini, kwa karai lililokuwa la kufulia.
Na huu ni Julai, Buruburu haijaona jua tangu Jumanne.

Fundi Musembi alikuja, akapanda, akagonga, akashuka.
"Kulishusha, elfu kumi na nane. Kazi tu. Mabomba utanunua."
Nikasema nitafikiria.
Akafuta mikono kwenye suruali, akacheka:
"Mwalimu, kinyozi hajinyoi."
Nusu ya pili ya methali akaniachia mlangoni.

Lakini mimi nafundisha fizikia,
kidato cha tatu, vipindi saba kwa wiki:
volti, mkondo, ukinzani.
Umeme naujua kwa chaki. Naujua
kama unavyomjua jirani uliyemsikia akikohoa
ng'ambo ya ukuta miaka ishirini
na hamjawahi kupeana mkono.

Jumapili, Mama akifuata ibada redioni,
nikapanda na tochi mdomoni, spana, tepu, tesa mpya.
Nikapiga hesabu: maji kilo themanini,
tangi lenyewe thelathini,
mimi sitini na tisa pamoja na chai.
Boriti zikanung'unika, nazo zilikuwa zikihesabu.
Bomba limevaa chumvi ya kisima,
nene kama ukoko wa ugali.
Maji naweza kuyafunga.
Tangi naweza kulimwaga, ndoo kwa ndoo, sukuma wiki zishibe.
Bomba naweza kulikata.
Waya—

tochi ikateleza, ikaangaza ubao,
na pale, kwa penseli, mwandiko wa karani wa reli:

ZIMA KWANZA. KISHA HAKIKISHA UMEZIMA.

Na chini, herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona:
Ulinirusha 12/8/97. Mama yao hajui.

Alimwandikia nani, huku wasikopanda
ila panya, na mwana aliyekasirishwa na bei?
Nikaikumbuka ile Agosti.
Wiki nzima mkono wake wa kulia ulikaa mfukoni mwa koti.
Alikula kwa kijiko, kwa kushoto.
Mlango wa gari, alisema, umenibana.

Nikashuka, buibui kwenye nywele.
Mama akapunguza redio.
"Umeamua?"
"Bado."
Akanitazama vidole, vyote kumi, mmoja mmoja.
"Baba yako naye," akasema,
"alidhani sikuuona ule mkono."
Akaiongeza redio sauti.

Nikabandika sufuria ya maji yake jikoni,
na maji yakisita kuchemka nikamwandikia Musembi:
Ndoo nitabeba mimi. Waya ni wako.
Akajibu kabla mvuke haujapanda:
Elfu kumi na tano.