Alama za Vidole

Yule kijana wa vitambulisho alinishika mkono mara nne.
Akafuta kioo cha mashine, akafuta kidole changu.
"Bonyeza tena, mama."
Nikabonyeza.
Mashine ikasema hainijui.

Usihangaike, nikamwambia, vidole hivi vililiwa na korosho.
Miaka kumi na minane nimebangua kwa jiwe na rungu dogo la mkongo,
na ganda la korosho lina mafuta yake, hayana huruma,
yanaunguza kabla hujayaona.
Mwaka wa kwanza nililia. Wa pili nikajipaka majivu.
Wa tatu mistari ikaanza kuondoka, mmoja mmoja,
kama wageni wanaotoka arusini bila kuaga.

Maganda tuliyamwaga korongoni, nyuma ya ghala.
Mlima mweusi, hata mbuzi wa Biti Likumbo hawakuusogelea.
Ukiyawasha mabichi, moshi wake
unakutoa machozi ya msiba ambao haujatokea.
Basi tulipikia mkaa wa Ndemanga, mume wangu,
aliyeingia porini kila mwezi na shoka na baiskeli,
akarudi na magunia matatu na mgongo mmoja uliopinda.
Kwanza mkaa ulitoka hapo nyuma ya shule.
Kisha ng'ambo ya mto.
Kisha akawa analala huko siku mbili.
Mitondo ilikuwa ikitukimbia,
au sisi ndio tulioifukuza.

Na chini ya shamba letu la mihogo, hili nalo niliseme,
linapita bomba la gesi, kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam.
Pana nguzo ya njano: USICHIMBE.
Hatukuchimba.
Usiku nikikosa usingizi nilitega sikio
nisikie moto wa wenzetu unavyopita.
Haupigi hata hodi.

Ndipo akaja Chilumba, mtoto wa Newala,
na pipa lenye kifuniko, na mashine ya mkono ya kushindilia.
Yeye hakuhutubu. Aliyehutubu ni bwana aliyekuja naye:
alisema hewa ya ukaa, akasema tani, akasema dunia,
tukapiga makofi, akapanda gari.
Chilumba akabaki, akavua shati,
akayachoma maganda ndani ya giza la pipa,
moshi akaurudisha chini kwa bomba la chuma
ukaungua wenyewe, ukaishia humo humo.
Yakatoka makaa mepesi. Tukayatwanga,
tukayakanda kwa uji wa muhogo, tukayaanika kwenye turubai.

Mavyaa wangu alisusa siku tatu.
"Mimi nile chakula kilichopikwa kwa taka?"
Siku ya nne kunde ziliiva kabla ya adhana ya adhuhuri,
na sufuria haikuwa na masizi.
Akala. Hakusema kitu.
Aliomba ukoko.

Sijui hesabu ya tani. Mimi nahesabu kwa mitondo:
magunia yangu kadhaa, mti mmoja umebaki umesimama.
Mwaka huu nimefika sitini na kitu.
Ndemanga anasema amesikia kanga tena kule nyuma ya shule.
Simwamini sana, anapenda kunifurahisha.
Na usidhani yote yamenyooka. Masika makaa hayakauki.
Mwezi uliopita mashine ilikatika mpini,
akarudi porini wiki mbili, na mimi nikapika, nikanyamaza.

Kitambulisho bado. Wameniambia nirudi Julai.
Lakini ukinunua mkaa wangu, ligeuze tofali moja.
Kabla halijakauka huwa nalibonyeza kwa dole gumba.
Utaona kishimo, laini kama ndani ya kijiko,
bila mstari hata mmoja.
Ndiye mimi huyo, Somoe binti Mkanula.
Liweke jikoni.
Linachelewa kushika, lakini likishika, linakaa.