Usitume Mtu

Miaka thelathini na mmoja tumeishi Nakuru chini ya kilima kile,
na kila mgeni aliyetufikia kutoka Mbale au Chavakali
tulimwambia: panda Hyrax Hill, kuna makumbusho, kuna mambo.
Sisi wenyewe hatukupanda.
Pimbi, wasema, alikosa mkia kwa kuagiza.
Nasi tuliagiza macho.

Jumanne kiwanda cha pareto kilimpa Zablon barua
na saa ya ukutani.
Jumatano akaamka saa kumi na moja kama kawaida,
akavaa suti yake ya mazishi,
akaketi ukingoni mwa kitanda, hana pa kwenda.
Nikamwambia, basi leo tuwe wageni.

Langoni binti wa tikiti aliuliza, "Wananchi?"
Zablon akatoa kitambulisho kwa mikono miwili
kana kwamba angeweza kukataliwa.

Nyumba ilikuwa ya Mzungu wa shamba.
Sasa mna vigae, shanga, visu vya mawe
vyeusi, vikali bado.
Chelagat, aliyetuongoza, alikuwa na sauti ya mwalimu wa chekechea
na viatu vilivyojaa vumbi. Akatuonyesha yalipofukuliwa makaburi.
Wanawake, alisema, walizikwa na sahani zao za mawe, na michi.
Wanaume?
Bila kitu.
Zablon akakohoa. "Hata huko vyombo ni vyenu."
"Hata huko," nikasema, "hamkujua kijiko kilipo."
Chelagat akacheka mpaka akashika ua.
Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nikiwaza
ni nani aliyeuinamia mwili ule, na msiba wote ule,
akakumbuka sahani.

Halafu bao.
Limechongwa kwenye mwamba wenyewe, shimo kwa shimo,
na hakuna ajuaye humo nani alimla nani mara ya mwisho.
Tukaokota vijiwe. Chelagat akageuka kutazama mji,
makusudi.
Kwetu bao lilikuwa la wanaume;
nililijua kwa kupeleka chai na kuchelewa kuondoka.
Nikamla mara mbili. Akatakata, kete ikalala
kando ya nyumba yangu.
Ikarudi zamu yake, mkono ukabaki hewani,
mkono ule wa magunia, una harufu ya pareto hata ukiuosha kwa ndimu.
Chini kulikuwa na ziwa, na mapaa ya mji yakimeta.
Moja analijua. Hakulitazama.
Kabla hajacheza, mabasi mawili ya shule yakaingia
na kilima kikajaa sare za kijani.
Tukaacha kete palepale.

Saa nane tulikuwa makaburini, upande ule wa wanajeshi,
nyasi zimenyolewa kuliko vichwa vyao.
Zablon husoma kwa sauti, hata pakiti ya majani ya chai.
Alisoma jina, cheo, umri.
Ishirini na wawili. Kumi na tisa.
Thelathini na mmoja. Hapo akanyamaza.
Babu yake alichukuliwa kariakoo, vita vya kwanza,
akatoka Maragoli na blanketi moja,
na mpaka leo hatujui aliandikwa wapi, kama aliandikwa.
Zablon akaupita mstari mzima, akaurudia,
kama mtu posta aliyesahau namba ya sanduku lake.
Sikumwambia twende.

Tulikula chapati madondo kibandani. Alilipa. Akadai risiti,
akacheka mwenyewe: ya kumpelekea nani?

Usiku aliosha vyombo, sikumwomba.
Nilisikia maji yakimwagika, kisha kimya,
nikajua ameshika sahani.
"Kageha. Wewe utaniwekea nini?"

Saa ya kiwanda ilikuwa bado chali mezani,
haijapata msumari,
inaihesabia dari.

Njoo ulale, nikasema.
Kesho tunarudi kule juu. Zamu ni yako,
na usitume mtu.