Siku ya Mapumziko, Ukumbi wa Nne

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilipewa jembe nikiwa bado na mchafuko wa ndege tumboni;
ugeni wenyewe ndio umenifika leo, mwezi wa tisa,
Jumanne ya Machi, ndani ya gauni nililoazima kwa Kadzo
kwa ahadi ya kulirudisha limepigwa pasi.

Doha ina wiki chache za huruma.
Jua bado halijakunja ngumi.
Manispaa imemwaga petunia kando ya njia,
nyekundu, zambarau, nyekundu,
na chini ya majani mpira mweusi unadondosha maji
tone, tone, usiku na mchana,
maana hapa hata maua yana bili yao.

Mlangoni yuko Sunita.
"Madamu, chupa ya maji haipiti,"
ananiambia kama hanijui,
na jana tumekula wali kwenye sufuria moja.
Nikampa chupa. Nikaomba radhi.
Tulicheka kwa macho tu; kamera haijui utani.

Miezi minane nimeipa mgongo picha ile.
Ndiyo kazi: kisogo kwa picha, uso kwa watu.
Nimeiona, naam, kwa ubavu, wakati wa kupokezana zamu,
kama unavyomwona jirani wa ghorofa ndani ya lifti.
Naijua zaidi kwa nyuso zao.
Huja, huinamisha kichwa kushoto,
husogea ("tafadhali, nyuma kidogo"),
hutabasamu. Wachache hupangusa jicho.
Mwezi jana mtoto mmoja alihesabu kwa vidole,
akahesabu tena, akamvuta baba yake kanzu,
baba yuko kwenye simu.
Nikajiambia: humo mna jambo zito.
Vita, labda. Malaika.

Leo nimekaa.
Benchi lile la ngozi sijawahi kulikalia,
na makalio yangu yaliona aibu kwanza.

Ni mwanamke anaanika nguo.
Basi.
Paa, kamba, upepo wa mchana,
mkono mmoja juu, mwingine umeshika shati kwa ukosi
kama mama alivyomdaka mtoto mtundu.
Uso hana; naye amekupa kisogo.
Vibanio vitano. Nguo sita.
Nikahesabu tena, kwa vidole,
ndipo nikamkumbuka yule mtoto, nikaona haya
kwa niaba ya baba yake, na kwa niaba yangu.
Nguo ya sita, kitambaa cheupe, haikushikwa na kitu.
Haijaanguka.
Mchoraji alisahau, au alijua vizuri sana.

"Madamu, nyuma kidogo."
Ni Tilak, kijana mpya, sauti inatetemeka.
Kumbe nilikuwa nimesimama, pua karibu na kamba.

Nje, bustani imetandikwa mikeka na birika.
Mtoto anakimbiza tiara ambayo haitaki kuruka.
Nyuma ya vyoo, ambako hakuna anayepiga picha,
nikaukuta mkunazi.
Mkunazi kabisa, na miba yake,
na kunazi zimezagaa chini kama hazina mwenyewe.
Kwetu majani yake huoshea maiti,
matunda yake huibwa na watoto,
na mti haujawahi kulalamika.
Nikaokota. Tamu ya unga, ya kukwaruza ulimi.

Mtunza bustani akazima mashine yake ya nyasi.
Akainama, naye akaokota moja, akalifuta kwenye shati.
"Boroi," akasema, akigusa kifua: kwao.
"Kunazi," nikasema.
Tukatafuna.
Hatukuwa na neno la tatu,
na sidhani lilihitajika.

Kesho saa moja asubuhi nitasimama palepale,
sare imefungwa vifungo hadi kooni,
kokwa moja mfukoni.
Akija mtu akaanza kuhesabu kwa vidole
sitamwambia arudi nyuma.
Nitageuza shingo, kidogo tu,
nione kama kitambaa bado kiko hewani.