Kunguru wa Jumapili

Shomvi ananiuzia kwa kilo.
Anapachika gunia kwenye mzani
kati ya rejeta na milango ya friji,
Gerezani, saa nne, bati linachoma,
na santuri kumi na moja zinapata bei ya sufuria.
"Mwalimu, hizi hata kulishia kuku hazifai."
Nalipa. Simjibu.

Nyumbani kuna utaratibu.
Maji ya betri, si ya bomba;
ya bomba yana chumvi, na chumvi haisahau.
Tone la sabuni. Brashi ya kunyolea ya marehemu baba,
ambayo haijawahi kugusa shavu langu.
Nafuata mtaro unavyozunguka, siukati njia,
ukungu unabanduka kama ukoko,
kisha nazianika kwenye kichanja cha vyombo.
Tasiana ananitazama.
Miaka ishirini na sita ya ndoa, bado anauliza
sahani ipi ni ya wali.

Saba hazikuwa na kitu ila nyufa.
Mbili zilikuwa na fidla na ndugu zake wa sauti nene,
zikibishana kwa heshima kama wakwe.
Moja ilivunjika mkononi mwangu;
sikusema neno hadi jioni.

Ya kumi na moja haina lebo ya kiwanda.
Karatasi tu, wino wa buluu:
Filomena. Upanga. Jumapili.
Mwaka umeliwa na mende.

Naweka sindano.
Kwanza mafuta kwenye kikaango,
halafu tiki, tiki, tiki, ufa mmoja
mara sabini na nane kwa dakika,
na nyuma ya ufa, fidla.
Anapanda ngazi ya sauti, anakwama,
anarudi chini, anapanda,
kidole kilekile kinachelewa palepale.
Na dirishani kwake, kunguru.

Nikaiingiza kwenye kompyuta.
Mashine ina adabu: kelele inaipaka wekundu
kisha inaomba ruhusa.
Nikafuta mafuta. Nikafuta ufa, tiki moja moja,
siku tatu usiku,
uniti za umeme zikiisha, nikikopa kwa mpangaji.
Nikafika kwa kunguru. Mwekundu.
Nifute?

Kidole changu kikabaki hewani.
Filomena hakumwalika. Pengine alimlaani,
maana baada ya mlio wa tatu upinde unasita
na mtu anacheka, kwa puani,
karibu kabisa na kipaza sauti.
Nikimfuta ndege
kicheko kitabaki bila sababu.

Nikamwacha.

Leo nimeicheza yote, dirisha wazi,
Tasiana akichambua mchele.
Kwenye waya wa jirani akatua mmoja,
akageuza kichwa, akaitikia.
"Mwambie amechelewa," akasema Tasiana
bila kuinua macho.

Fidla ikapanda, ikafika pale pake,
ikakwama.
Mkono wa Tasiana ukasimama juu ya ungo.