Kitufe cha Hapana

Nilikichora mimi.
Ghorofa ya tatu, Milimani, feni ikikoroma,
nikakipaka Hapana rangi ya majivu,
nikakisukuma chini, pembeni kabisa,
pale kidole gumba hakifiki bila kujinyoosha.
Kile cha Ndiyo nikakivika kijani cha mahindi mabichi,
nikakipa nafasi ya kulala chali.

Wiki ile namba zilipanda.
Tukakata keki. Kisumu nzima ilikuwa tamu.

Jumamosi, Kibuye, nikitafuta viatu vya mtoto,
Mama Awuor wa mitumba akanisukumia simu,
kioo kimepasuka, kimeshikwa na gundi:
"Wewe mwenye miwani, hebu nisomee.
Hela zangu zinapungua kila Ijumaa
na sijui ni nani anayezila."

Nikasoma.
Kazi ya mkono wangu, kwa sauti, katikati ya soko,
kila neno likinikwama kama mwiba wa ngege.
Bima ya mkopo. Hujirudia yenyewe.
Kusitisha, tazama ukurasa wa sita.

Hakukasirika. Aliinama tu, akakunja macho:
"Huyu aliyeandika kwa herufi za sisimizi,
alikuwa anaogopa nini?"

Nilimsitishia palepale.
Mibonyezo kumi na mmoja,
na mimi niliyejenga nyumba ile
nilipotea humo mara mbili.
Lakini sikumwambia ni nani fundi.
Hilo nalo liandikwe: sikumwambia.
Nikalipa viatu bila kuomba apunguze,
kana kwamba shilingi hamsini ni toba.

Usiku nikaandika nyuma ya risiti:
mlango wa kutokea uwe mpana kama wa kuingilia.
Aliyekataa mara moja amekataa;
kwetu Nyakach mgeni akisema ameshiba
tunamnawisha mikono, hatumpakulii tena.
Na lolote nitakalochora, nilisome kwanza kwa sauti
mbele ya mtu anayelipa kwa jasho.
Sauti ikikwama, hapo ndipo penye wizi.

Risiti ikajaa. Mengine sikuyapatia maneno.

Jumatatu nilikirudisha Hapana katikati,
cheusi, kimo kimoja na ndugu yake.
Meneja Wesonga akauliza namba zitakuwaje.
Nikasema zitashuka.
Akanitazama, akafunga kompyuta taratibu,
akasema tutaongea.

Leo Alhamisi. Hatujaongea.
Mama Awuor nilimtoa, mmoja.
Waliobaki ndani siwajui majina,
na kesho ni Ijumaa.